Mrejesho: Klabu yetu ya Rotary imeanza kupata vijana

Ndugu zangu, niliomba ushauri wa kuifufua klabu yetu ya Rotary (mtandao wa kimataifa wa klabu za kujitolea kuhudumia jamii) hapa Nairobi, iliyokuwa ikipungukiwa wanachama kila mwaka. Tulitumia uhuru ambao klabu zote zilipewa mwaka 2016, wa kukutana angalau mara 2 kwa mwezi, tukaacha chakula cha mchana cha hotelini kila wiki, ambacho gharama yake, naamini kwa dhati, iliwafukuza vijana kuliko foleni ya Thika Road. Sasa tunakutana Jumamosi asubuhi, kwa chai na mandazi, katika ukumbi wa shule Ngara, na daftari la mahudhurio lina majina mapya, hasa ya waliotoka Rotaract, yaani klabu za vijana za Rotary. Kasarani tunaandaa klabu tanzu, yaani kikundi kidogo chini ya klabu yetu, inayohitaji wanachama 8 kuanza. Asanteni sana.