Wakuu, slabu ya mvule nimeisawazisha kwa CNC, baada ya siku tatu kingo zimenyanyuka. Nakosea wapi?

Fundi Tegeta (mwanzisha uzi)
Habari za usiku wakuu. Tangu Jumatatu usingizi sipati, naombeni msaada. Nina karakana ndogo Tegeta na mashine ya CNC, ile ya kuchonga inayoongozwa na kompyuta, ya kitanda cha milimita 1300 kwa 2500, ambayo nilikuwa nachongea milango na vichwa vya vitanda. Nimepata kazi ya meza ya mkutano: slabu moja ya mvule, yaani bao pana la kipande kimoja, urefu mita 2.4, upana mita 1.1, unene sentimita 8. Mgongo ulikuwa umebinuka kama milimita 12. Nikaiwekea kabari chini isitikisike, nikaifunga, nikapitisha biti ya kusawazisha ya milimita 50, kila tabaka milimita moja na nusu. Ikatoka safi kabisa, rula ya chuma ukiilaza juu hata karatasi haipiti chini yake. Baada ya siku tatu naweka rula tena, kingo zote mbili ziko juu na katikati naona mwanga. Milimita 7! Halafu ukipitisha kiganja kuna mistari mistari. Mimi na kijana wangu tumeigeuza tukaikagua chini, sijaona kitu. Kazi natakiwa kukabidhi tarehe 30.

Biti Kali
Mistari hiyo ni spindeli, mota inayozungusha biti, haijasimama wima. Funga waya mgumu uliokunjwa kwenye koleti, pale biti inaposhikwa, ncha iguse meza, zungusha kwa mkono. Ikigusa kushoto na kulia ikaacha nafasi, umeshapata jibu; weka kibati chembamba nyuma ya bamba la spindeli mpaka iguse sawa pande zote. Na hiyo MDF ya chini, ubao wa unga wa mbao unaolazia kazi kwenye kitanda, umeisawazisha kwa mashine hiyohiyo? Biti ya 50 usiizungushe mizunguko 24,000 kwa dakika kama unachonga maua, mimi siipitishi 14,000. Mvule nao una mawe meupe ya chokaa ndani, meno ya biti yakikutana nayo utasikia mlio wa kukata roho.

Fundi Tegeta
Asante mkuu. Waya nimeujaribu sasa hivi, kweli upande wa kulia unaacha nafasi ya unene wa kucha. Nitarekebisha. Ila hilo haliwezi kuleta milimita 7.

Kipimo Kwanza
Mti ulikatwa lini? Umepima unyevu?

Fundi Tegeta
Mbao ni kavu mkuu, imekaa. Naomba tubaki kwenye mashine.

Randa ya Mkono
Vijana mmeachia mashine kila kitu. Marehemu baba alikuwa Keko, bao pana analiwekea fito mbili zilizonyooka, moja kila mwisho, anachuchumaa na kufumba jicho moja. Fito zikipishana hata kidogo anajua kona ipi imepanda. Anaanza na randa kwa mshazari, ndipo anafuata nyuzi. Alikuwa anaisikiliza mbao. Jioni sakafu imejaa maranda marefu, sisi watoto tunayavaa kichwani. Mashine yako inakata tu, haijui inakata nini.

Biti Kali
Mzee wangu, tunaheshimu, lakini hesabu ni hii. Upana 1100, kila mpito unasogea milimita 25, ni mipito 44 ya mita 2.4, kama mita 105. Kwa mwendo wa mita 5 kwa dakika, tabaka moja linaisha dakika 21. Kibinuko cha milimita 12 ni matabaka nane, hata saa tatu hazifiki. Kwa randa ya mkono ni siku ngapi?

Mama Samani
Jamani kijana ana shida, nyie mnashindana. Mimi nauza samani, sikati. Mwaka juzi nilipeleka meza ya mninga Dodoma, mninga ambao kila fundi ananiambia hauchezi. Huku Dar ilikuwa nzuri ajabu. Kiangazi kilipoingia kule, ikapasuka katikati kama muwa. Mteja alinitumia picha saa tano usiku, nililia. Fundi ndipo akakiri aliinunua ikiwa mbichi. Pesa nilirudisha yote. Kaka, jibu swali uliloulizwa hapo juu.

Mlinzi wa Msitu
Mimi nauliza kibali na TP, hati ya kusafirisha mazao ya misitu. Mvule hautoki shambani hivihivi.

Fundi Tegeta
Karatasi zote zipo. Mti ni wa shangazi yangu Muheza, uliangushwa na upepo, ofisi ya misitu ya wilaya ilikuja ikaukagua. Tusiende huko.

Chumvi Kidogo
Wadau, mimi hii naiona chai. Mita 2.4 mara 1.1 mara 0.08 ni mita za ujazo 0.21. Mvule mkavu ni kama kilo 650 kwa mita ya ujazo, kwa hiyo slabu hiyo inazidi kilo 130. Eti yeye na kijana wake wameigeuza, wakaikagua, wakairudisha. Picha hakuna. Mtu anatunga uzi apate wachangiaji.

Biti Kali
Duh. Hapo hata mimi nimeshtuka.

Fundi Tegeta
Siwezi kutunga kitu kinachoninyima usingizi. Niliandika kwa haraka. Tulikuwa watano, niliwaita vijana wa gereji ya jirani, na wote watano walihema. Mmoja bado anaulalamikia mgongo. Picha naweka kesho, usiku huu karakana imefungwa.

Kipimo Kwanza
Basi hesabu ya Chumvi imekusaidia kuliko unavyodhani. Kilo 130 kwa watu watano ni kilo 26 kila mmoja, nusu ya mfuko wa saruji na ushei. Vijana wa gereji wanaobeba injini hawahemi kwa kilo 26. Humo ndani kuna maji. Nakuuliza mara ya pili: upepo uliuangusha lini?

Fundi Tegeta
Masika ya mwaka huu. Aprili. Ukapasuliwa kwa chensoo Mei mwishoni.

Kipimo Kwanza
Na leo ni Septemba. Miezi minne kwa unene wa sentimita 8. Kwa hewa ya kawaida hesabu ya mafundi ni mwaka mmoja kwa kila inchi, wewe una inchi tatu. Juu palikuwa pamekauka kidogo, ukapaondoa, ukafunua utumbo mbichi. Uso huo ukaanza kukauka na kusinyaa huku wa chini umelala juu ya MDF haupumui. Kingo zisinyanyuke kwa nini? Mashine yako haina kosa.

Fundi Tegeta
Nimekuelewa. Lakini nimeshapokea milioni 1.8 kati ya 3, nimenunua biti na epoksi (gundi ya maji inayoganda ngumu), nyingine nimelipa kodi ya karakana. Nafikiri niikate tena iwe sawa, nimwage epoksi pande zote unyevu ubaki humohumo, chini nifunge vyuma kwa skrubu nyingi. Chuma kitaishika.

Mzee Seremala
Mwanangu, chuma hakiishiki mbao. Nimefanya kazi hii miaka 38. Mbao ikitaka kusinyaa na skrubu zimeikatalia, inapasuka palepale kwenye skrubu. Matundu ya chuma yawe marefu ili skrubu itembee. Epoksi nayo itachelewesha tu, na juu ya mbao mbichi inabanduka. Meza inakwenda wapi?

Fundi Tegeta
Shikamoo mzee. Ofisi moja Masaki, chumba kina kiyoyozi kutwa.

Mzee Seremala
Marahaba. Hapo ndipo pabaya. Hewa ya kiyoyozi ni kavu kuliko ya karakana yako, itainyonya hiyo slabu usiku na mchana. Fanya hivi. Kata kipande kidogo, usikate mwishoni kabisa, ingia ndani kama futi moja. Kipime kwenye mzani wa jikoni, kiweke kwenye oveni kama nyuzi 103 mpaka uzito ugome kushuka, kipime tena. Tofauti igawanye kwa uzito wa mwisho. Kwa pwani mbao iliyotulia haizidi sana asilimia 15.

Fundi Tegeta (siku mbili baadaye)
Picha hizo, Chumvi Kidogo. Kipande nimekitoa kwenye sehemu inayopunguzwa, jirani anayeoka keki akanipa mzani na oveni. Gramu 412 zimekuwa 305. Asilimia 35.

Chumvi Kidogo
Nimeziona. Samahani ndugu yangu, nilikosea.

Mama Samani
Mpigie mteja leo, kaka. Usingoje tarehe 30.

Fundi Tegeta
Nimempigia, dada. Hakufurahi, Jumamosi anakuja kuiona mwenyewe. Nitamwomba muda, au nimtengenezee ya mninga mkavu wa kuunganisha. Slabu nimeitoa kwenye MDF, nimeipanga juu ya vijiti ipate hewa pande zote, ncha nimezipaka rangi ya mafuta. Asubuhi hii nimeweka rula: milimita 5.

Mzee Seremala
Vijiti vipange kila futi moja na nusu, na jua lisiipige.