Kwa nini Waingereza hawasemi "oneth"?

Mbanguaji, Newala
Wakuu, habari za jioni. Jana binti yangu wa darasa la nne kaja na daftari analia. Kaandika "oneth, twoth, threeth", zote kakosa. "Four" wanaongeza "th" nyuma inakuwa "fourth", naye kafuata kanuni hiyo hiyo. Hizo tatu za mwanzo zina nini? Nimeshindwa kumwambia "kariri tu".

Mwalimu mstaafu, Mikindani
Ndugu yangu, mfute machozi, mtoto ana akili. Korosho zako mnadani unaziita daraja la kwanza au daraja la moja? Kwanza ni kuanza, haina undugu na moja. Waingereza nao ndivyo. "First" zamani ilikuwa "fyrst", aliye mbele kuliko wote, ukoo mmoja na "before". "One" haimo kabisa.

"Second" ndiyo yenye kisa. Kwenye Kiingereza cha kale wa pili aliitwa "other", yule mwingine. Neno hilo hilo likawa linabeba wa pili na mwingine yeyote, linachanganya. Wanormani walipoiteka Uingereza mwaka 1066, Kifaransa kikawa lugha ya wakubwa, na baadaye Waingereza wakachota humo "second". Shina lake ni "secundus" ya Kilatini, yaani afuataye. "Other" ya zamani bado utaisikia kwenye "every other day", siku moja ndiyo, inayofuata hapana.

"Third" imetoka kwa "three" kweli. Ilikuwa "thridda", ile r ikahama, kama "brid" ilivyogeuka "bird".

Wa Lindi mjini
Shikamoo mwalimu. Naongeza moja ambalo binti alisikie: "fifth" na "sixth" hazikuwa na "th". Zilikuwa "fifta" na "sixta". Watu walizoea "fourth" wakaivuta "th" hadi huko. Alichofanya yeye daftarini, Waingereza wenyewe walishakifanya.

Mbanguaji, Newala
Marahaba zote zimfikie mwalimu, na asante wa Lindi. Nimemsomea hapa kwenye simu, kaomba kalamu, kaandika "fifta" pembeni ya "fifth". Sasa kaniuliza lingine: tarehe 21 sisi tunasema ishirini na moja, mbona wao wanairudia "first"?