Hojaji, mahojiano ya kina au kumbukumbu za kliniki: njia ipi, na sampuli ya watu wangapi?

Mleta mada
Wanajukwaa, nawasalimu nyote. Ninaandaa pendekezo la utafiti kuhusu sababu zinazowafanya wagonjwa wa shinikizo la damu waache dawa walizoandikiwa. Daftari la kliniki ninayoikusudia lina wagonjwa 2,000. Njia zilizo mbele yangu ni kugawa hojaji kwa watu wengi, kufanya mahojiano ya kina na wachache, au kupitia kumbukumbu za uchukuaji wa dawa. Msimamizi wangu anataka nikokotoe ukubwa wa sampuli kwa kanuni, ilhali wenzangu wanashikilia kwamba watu 30 wanatosha kwa utafiti wowote. Naomba mnisaidie kulinganisha.

Mwanatakwimu
Ndugu mleta mada, nianze na hiyo 30, maana imewapoteza wengi. Idadi hiyo inahusu namna wastani wa sampuli unavyotawanyika, wala haikukusudiwa kukadiria ni asilimia ngapi ya watu wanafanya jambo fulani. Ukiwauliza watu 30 na nusu yao wakasema wameacha dawa, ukweli unaweza kuwa popote kati ya takriban asilimia 32 na 68, na makadirio mapana kiasi hicho hayamsaidii mtu kupanga chochote.

Kwa walengwa 2,000, ukikubali kosa la asilimia 5 (yaani makadirio yapotoke kwa asilimia 5 juu au chini) na kiwango cha kuaminika cha asilimia 95, kanuni ya Yamane inakupa 334, kanuni ya Cochran ikisharekebishwa kulingana na idadi ya walengwa inakupa 323, na jedwali la Krejcie na Morgan la mwaka 1970 linaonyesha 322. Tofauti hizo zisikusumbue, kwani kwa kiwango hicho cha kuaminika Yamane anaingiza namba 2 katika kanuni pale wengine wanapoingiza 1.96. Ukitarajia kwamba wanane kati ya kumi ndio watakaojibu, gawanya 323 kwa 0.8, upange kuwafikia watu 404.

Hata hivyo, hesabu yote hiyo ina sharti: wagonjwa wachaguliwe kwa nasibu kutoka daftarini. Ukisimama kwenye foleni ya kliniki ukawagawia hojaji waliopo, utakuwa umewauliza wanaohudhuria, na walioacha dawa wengi wao hawamo kwenye foleni hiyo. Kuongeza idadi hakuponyi kasoro ya namna hii. Mwaka 1936 jarida la Literary Digest nchini Marekani lilipokea majibu zaidi ya milioni 2 likatabiri kwamba Landon angeshinda urais, akashinda Roosevelt kwa kishindo, huku mtafiti wa kura za maoni, Gallup, akiwa amemtabiri mshindi kwa sampuli ndogo zaidi iliyoteuliwa kwa uangalifu.

Mhadhiri wa Afya ya Jamii
Nakubaliana na Mwanatakwimu kuhusu foleni, ila naona tumekimbilia hesabu kabla ya kulitazama swali lenyewe. Mleta mada anauliza *kwa nini* watu wanaacha dawa, si wangapi wanaacha. Hojaji yenye swali «Uliacha dawa kwa sababu gani?» na visanduku vinne vya kuweka alama itakurudishia sababu ulizozifikiria wewe mwenyewe ukiwa mezani. Mgonjwa ambaye huacha dawa kila anapojisikia nafuu, kisha akairudia kichwa kinapoanza kuuma, hatajiona katika kisanduku chochote; huenda hata asikubali kwamba «ameacha».

Kwa mahojiano ya kina, sampuli haikokotolewi kwa Yamane. Unaendelea kuhoji hadi mahojiano mapya yasilete jambo jipya. Guest na wenzake, katika utafiti waliouchapisha mwaka 2006 kutokana na mahojiano 60 yaliyofanywa Ghana na Nigeria, waliona kwamba mada karibu zote zilikuwa zimeshajitokeza kufikia mahojiano ya 12. Wengi wanainukuu 12 hiyo kana kwamba ni sheria, wakisahau kwamba wahojiwa wale walifanana kwa mambo mengi na waliulizwa maswali yaleyale. Wagonjwa wako wakitofautiana sana kwa umri, kipato na muda walioishi na ugonjwa, utahitaji zaidi.

Karani wa Data
Kumbukumbu zisidharauliwe. Hazisemi kwa nini, lakini hazimwonei mtu haya: tarehe ya kuchukua dawa ikipita bila saini, pengo linaonekana, hata kama mgonjwa angekuambia kwamba hajawahi kuikosa dozi. Ubaya wake ni kwamba aliyenunua dawa kwingine au aliyehamia kliniki nyingine ataonekana kama aliyeacha. Kwa hiyo mimi ningezitumia kama mlango wa kuingilia: ligawe daftari katika matabaka mawili, wanaochukua dawa kwa wakati na wenye mapengo, kisha uteue kwa nasibu ndani ya kila tabaka.

Mleta mada
Nawashukuru sana. Je, nikiongeza kliniki nyingine ili nipate picha pana, 323 itabaki vilevile?

Mwanatakwimu
Haitabaki, endapo utateua kliniki chache kisha wagonjwa ndani yake. Wagonjwa wa kliniki moja hufanana, kwa kuwa wanahudumiwa na watu walewale na dawa zikiisha zinawaishia wote, hivyo kila mmoja anakuongezea taarifa kidogo kuliko mtu aliyeteuliwa peke yake. Ukichukua watu 20 kila kliniki, na mfanano wa ndani (kipimo cha jinsi wagonjwa wa kliniki moja wanavyofanana, ambapo 0 ni kutofanana kabisa na 1 ni kufanana kabisa) ukiwa 0.05, zidisha sampuli kwa 1 + (19 × 0.05), yaani 1.95, ile 323 inakuwa 630. Kwa mwanafunzi mwenye muda mfupi, ningekushauri ubaki na kliniki moja uifanyie kazi vizuri. Aidha, ukifuata shauri la Karani wa Data ukateua idadi sawa kutoka matabaka yasiyolingana, usisahau kuyapa majibu uzito unaostahili, kulingana na ukubwa wa kila tabaka daftarini, kabla ya kutoa asilimia ya wote.

Mhadhiri wa Afya ya Jamii
Nami nakuomba uanze na mahojiano ya wachache kutoka tabaka lenye mapengo, ndipo uunde hojaji kwa maneno waliyoyatumia wao. Hojaji hiyo uijaribu kwanza kwa wagonjwa ambao hawamo kwenye sampuli, ukiwa umekaa nao, uone ni swali lipi linalowafanya wasite.