Uliyeniuzia mtoto wa mbwa "anayejua choo" hapa Mwanza, njoo uone sakafu yangu

Wakuu, poleni na majukumu. Mimi huku ni msomaji tu, nyuzi sifungui. Ila leo nimepiga magoti na tambara mara ya tano tangu alfajiri, na nikiendelea kunyamaza nitapasuka.

Kwanza mazingira, msije mkaniambia "si umtoe nje tu". Nimepanga Mabatini, huku juu kwenye mawe. Vyumba viwili, korido tunachangia wapangaji wanne. Uwani kwetu ni jiwe moja la mteremko na ngazi za simenti. Mlango wa pili kuna mama wa swala tano, na mbwa akilamba ndala zake pale koridoni ni kesi; simlaumu hata kidogo, ni haki yake. Chini ya ngazi wanalala mbwa wa mtaa ambao sindano hawajawahi kuiona. Ndiyo maana nikataka mbwa mdogo, ajisaidie ndani kwenye beseni mpaka amalize chanjo. Muuzaji nilimweleza yote hayo.

Akanijibu: "Bosi, huyu kazaliwa kwenye beseni. Wiki nane, chanjo tayari, choo anajua." Laki mbili na nusu nikatoa. Akaniongezea kifuko cha mchanga "maalumu", elfu thelathini na tano.

Nikamwita Furu, maana alienea kiganjani kama furu, wale samaki wadogo wa ziwani, wa kukaanga.

Jioni ile ile nikamweka kwenye beseni. Akaunusa mchanga, akaketi, akaanza kuula. Nikacheka, na picha nikapiga (mjinga mimi). Aliposhiba akatoka, akapiga hatua tatu, akakojoa katikati ya sebule huku ananitazama usoni. Nikasema ugeni huo. Siku ya tatu hakupata choo kabisa, tumbo gumu kama ngoma, analia usiku kucha. Asubuhi kikapuni, bodaboda, mbio kwa daktari wa mifugo.

Daktari alianza na mdomo. Meno ya utoto ya mbwa ni 28, na kwenye wiki ya nane huwa yameshatimia. Ya Furu hayajafika hata nusu. "Huyu ana wiki tano," akasema. Chanjo za watoto wa mbwa huanza wiki ya sita mpaka ya nane, kisha hurudiwa kila wiki tatu au nne mpaka apite wiki ya 16. Sasa huyu kachanjwa lini, tumboni mwa mama yake? Kadi niliyopewa imeandikwa kwa kalamu tu, haina hata ile stika ya kichupa cha dawa.

Nikamwonyesha picha ya kifuko. Kuna paka amechorwa pale mbele, na mimi sikujiuliza. Mchanga ule ni wa udongo unaogandamana ukilowa. Kazi yake ni kushika mkojo wa paka uwe donge uutupe. Mtoto wa mbwa kila kitu anatia mdomoni, na donge linaundwa humo humo tumboni. Furu alitundikiwa maji siku mbili. Gharama zake msiniulize.

Ila kilichoniuma zaidi ni swali la mwisho: "Banda alikozaliwa lina sakafu gani?" Simenti. Nililiona kwa macho yangu siku ya kununua. Kumbe mtoto wa mbwa choo anakijua kwa nyayo: kile anachokanyaga wakati anajisaidia katika wiki hizo za mwanzo ndicho atakachokitafuta baadaye. Na kwangu ni simenti kuanzia mlangoni hadi jikoni. Kwa akili yake nyumba nzima ni choo, isipokuwa lile beseni. Choo anakijua kweli, muuzaji hakudanganya hapo!

Na mimi nina langu. Siku ya pili nilimsugua pua kwenye mkojo, kama tulivyoona wakubwa wakifanya. Daktari kanigombeza: hapo mbwa anajifunza kukuogopa wewe tu, na ni kweli, tangu siku hiyo haja kubwa anaenda kumalizia uvunguni. Halafu nilikuwa nadeki kwa dawa yenye amonia, ambayo kwa pua yake ni mkojo mwingine. Ni kama namwekea bango la choo. Sasa nadeki kwa siki na maji. Maji yenyewe nanunua kwa ndoo, na ziwa lile pale nalitazama dirishani.

Beseni nimelitupa. Nimechukua karai pana la plastiki, nikakata upande mmoja aingie bila kuruka, ndani magazeti yaliyochanwa. Jirani alishauri maranda ya fundi seremala. Furu alipiga chafya, akayala. Kipande kimoja cha gazeti chenye mkojo nakiacha makusudi, harufu imwite. Akiamka, akila, akimaliza kucheza, nambeba hadi kwenye karai. Usiku natega kengele mara mbili, maana kwa umri huu kubana ni saa moja tu, ikizidi kidogo ni bahati. Jana kaingia mwenyewe mara mbili nikampa dagaa. Leo ndiyo hizo tano.

Sasa wewe muuzaji, najua humu unapita, tangazo lako nimeliona tena juzi na maneno ni yale yale. Jina lako sikutaji. Mbwa simrudishi, tumeshazoeana. Nataka elfu thelathini na tano ya mchanga, nusu ya hela ya dripu, na uniambie wale ndugu zake wanne waliobaki bandani umewauza kwa nani, ili wenzangu waache kuwawekea mchanga wa paka. Simu yangu unayo.