Naomba ushauri: kompyuta ya mezani ya bei nafuu kwa shangazi yangu aliyeko Kibaigwa

Mzabibu_Dom

Wakuu, habari za jioni. Nipo Dodoma mjini, Nkuhungu. Shangazi yangu, dada wa marehemu baba, ni mwalimu mstaafu anayeishi Kibaigwa. Ndiye aliyenilipia ada kuanzia kidato cha kwanza mpaka cha nne, kwa hiyo jambo hili nataka nilifanye vizuri.

Shangazi ni mtunza hazina wa kikundi chao cha VICOBA. Hisa, mikopo, marejesho, faini za kuchelewa, vyote anaviandika kwenye daftari kubwa la jalada gumu. Kila mwisho wa mwezi anakwenda steshenari kuchapiwa na analipa kwa kila ukurasa. Mwezi uliopita mchapaji alimwandikia mwanachama mmoja deni la 210,000 badala ya 120,000, na kikao kizima kikaishia kwenye ugomvi. Shangazi alinipigia simu usiku huku analia. Miaka yote aliyofundisha hisabati, leo watu wanamtilia shaka kwenye hesabu!

Anachohitaji ni kufanya mahesabu, kuandika barua na mihutasari, kusoma habari, na kuongea kwa video na binti yake aliyeko Mwanza. Basi. Alistaafu 2021, hivyo vile vishikwambi vya sensa ya 2022 walivyogawiwa walimu havikumkuta.

Bajeti yangu ni laki saba. Nilipanga kuagiza vipande Kariakoo nimuunganishie mwenyewe: prosesa i3-12100, madabodi ya H610, RAM (kumbukumbu ya kufanyia kazi) GB 8, SSD (diski ya kuhifadhia) GB 256, kava na powa saplai. Nimepiga hesabu, vipande peke yake vinakaribia kumaliza hela yote na monita sijaigusa. RAM ndiyo imenivunja nguvu kabisa, bei imepaa tangu mwishoni mwa 2025. Printa kikundi kitanunua chenyewe. Nifanyeje?

Fundi_Makole

Mkuu, acha kuunganisha vipya. Kwa kazi hizo tafuta mtumba wa ofisini, zile mashine zinazotolewa maofisini nje ya nchi zikifikisha miaka kadhaa. Dell OptiPlex 3060, HP EliteDesk 800 G4, Lenovo ThinkCentre M720q. Zimejengwa kwa ajili ya kukaa zimewashwa kutwa nzima, na RAM inakuja nayo ndani, kwa hiyo hiyo bei mpya haikuhusu.

Nimetaja hizo kwa sababu zina prosesa za kizazi cha 8. Windows 10 iliishiwa huduma tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 kwa upande wa Intel inataka kizazi cha 8 kwenda juu. Ukienda dukani usiangalie stika, stika zinabandikwa. Washa mashine, fungua Task Manager, soma jina la prosesa. i5-8500 ni kizazi cha 8, i5-6500 ni cha 6. Kuna watu wanauziwa "i7" ya kizazi cha 2 kwa bei ya i5 ya kizazi cha 8, wanafurahia hiyo saba tu.

Na chukua ile ndogo inayolingana na kitabu, siyo ile ndefu. Nitakwambia kwa nini ukinijibu swali hili: umeme wa Kibaigwa kwa shangazi ukoje?

Bonde_la_Bahi

Mimi ningemnunulia mpakato. Umeme ukikatika anaendelea na kazi, na kwenye kikao anakwenda nayo, wanachama wanaona hesabu kwa macho yao.

Mzabibu_Dom

@Bonde_la_Bahi hoja ya kikao ni nzito, nimeifikiria. Ila macho yake siyo ya zamani, anasoma Biblia kwa miwani na tochi ya simu. Na mpakato za mtumba nilizopitia hapa mjini, betri zake nyingi zinakata ndani ya dakika ishirini.

@Fundi_Makole umeme upo, ila nyumba ya tatu kutoka kwake kuna mashine ya kukoboa mahindi. Kila wakiiwasha, taa ndani zinafifia kisha zinarudi. Msimu wa mavuno inakuwa hivyo kutwa, na pumba zinapeperuka mpaka sebuleni.

Fundi_Makole

Sasa tumefika kwenye jambo lenyewe. Mkuu, kwa mazingira hayo kitakachoua kompyuta ya shangazi ni umeme na vumbi. Prosesa itakuwa ya mwisho kufa.

Mota ya kukoboa ikianza kuzunguka inavuta umeme mkubwa kwa mpigo, volti zinashuka kwenye laini nzima. Kompyuta inazima ghafla katikati ya kuandika. Ikizima hivyo mara nyingi, diski inaharibika na faili linakuwa halifunguki. Kwa hiyo laki na ushee ya kwanza itenge kwa ajili ya UPS, kile kisanduku chenye betri kinachoshikilia kompyuta umeme ukikatika. Iwe ya 650VA yenye AVR, yaani yenyewe inapandisha volti zikishuka bila kutumia betri. Waya ya ukutani iende kwenye UPS, kompyuta na monita viingie kwenye UPS. Printa ya leza USIIWEKE humo, ikipasha moto inavuta umeme mwingi kuliko UPS ndogo inavyoweza.

Na hapo ndipo udogo wa mashine unapofaa. Ile ndogo haina powa saplai ndani, inatumia adapta ya nje kama chaja ya mpakato, Dell ni ya volti 19.5. Ikiungua unapata nyingine mjini siku hiyo hiyo. Ile ndefu ya OptiPlex powa saplai yake ina plagi za Dell peke yake, ukiikosa unabaki na bati. Ndogo na monita kwa kazi za kawaida ni kama wati 40. Akitumia saa nne kwa siku ni uniti tano hivi kwa mwezi. Kama yupo kwenye D1, ile tarifa ya TANESCO ya watumiaji wadogo wasiotakiwa kuvuka uniti 75 kwa mwezi, hatasukumwa nje.

Umeme ukikatika kabisa, UPS yenye betri nzima itambeba zaidi ya nusu saa. Anahifadhi, anazima kwa utulivu.

Kimya_Kingi

Naongezea kutokana na yaliyonikuta. Nilinunua mashine kama hiyo, nzuri kabisa, kumbe BIOS, yaani mipangilio ya ndani inayowaka kabla ya Windows, ina nenosiri la ofisi ilikotoka. Nilipotaka kubadilisha diski na kuweka Windows upya nikakwama, na muuzaji akagoma kurudisha pesa. Kabla hujalipa, iwashe na uingie BIOS: Dell ni F2, HP ni F10, Lenovo ni F1. Ikikuomba nenosiri, iache hapo hapo.

Pia nyingi ya hizo ndogo hazina Wi-Fi. Uliza.

Mama_wa_Mpwapwa

Mwanangu, mimi ni mstaafu kama shangazi yako, nimeanza kompyuta nikiwa na miaka 61. Ninyi mmeongelea mashine, ngoja niseme ya mtumiaji.

Monita isipungue inchi 22, na uongeze ukubwa wa maandishi mpaka asilimia 125 au 150 kabla hujamkabidhi. Kibodi iwe na herufi nyeupe kubwa kwenye vitufe vyeusi. Mausi iwe ya waya, ya betri itamsumbua. Punguza mwendo wa mshale, vidole vyetu havina haraka. Kubofya mara mbili ndiko kulikonitesa kuliko kitu chochote, nilikuwa natikisa mausi katikati ya bofyo la kwanza na la pili.

Na usimwonyeshe kwa kumwambia "bonyeza hapa, bonyeza pale" halafu ukaondoka na basi la saa nane. Lala huko siku mbili. Aandike hatua kwa mkono wake kwenye daftari lake. Mwalimu akishaandika mwenyewe hasahau.

Mzabibu_Dom

Shikamoo mama. Nitalala siku tatu. Sikuwa nimeliwaza kabisa hilo la kubofya.

Mama_wa_Mpwapwa

Marahaba mwanangu. Na kamera? Kompyuta ya mezani haina jicho wala kipaza sauti. Huyo binti wa Mwanza atamwona vipi?

Karani_wa_Kikundi

Upande wa programu: usimwekee Windows wala Office iliyochakachuliwa, ndimo virusi vinamoingilia. Hizo mashine nyingi zina leseni ya Windows kwenye madabodi yenyewe, ukiweka upya toleo lile lile inajitambua ikipata intaneti. Kwa mahesabu weka LibreOffice, ni bure na inafungua faili za Excel. Wanaodhani programu za ofisi za Kiswahili ni jambo geni, mwaka 2004 watu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walishatoa Jambo OpenOffice.

Mtengenezee jedwali, kila mwanachama mstari wake, kisha funga seli zenye fomula asije akazifuta kwa bahati mbaya. Kila baada ya kikao anakili kwenye flashi mbili, moja ikae kwa mwenyekiti. Na daftari lisiachwe hata kidogo, likitofautiana na kompyuta wanakaa wanatafuta kosa.

Intaneti akitumia hotspoti ya simu, weka muunganisho uwe "metered", yaani wa kubana bando, la sivyo Windows itajisasisha na kumaliza bando la wiki kwa usiku mmoja.

Mzabibu_Dom

Wakuu, mrejesho. Nimepata OptiPlex 3060 ndogo, i5-8500T, RAM GB 8, SSD GB 256, kwa 340,000. BIOS niliingia mbele ya muuzaji, haina nenosiri. Monita ya inchi 22 laki moja, UPS 140,000, kibodi na mausi 25,000, kamera ya USB yenye kipaza sauti 35,000, kidude cha Wi-Fi 20,000, flashi mbili 24,000. Jumla 684,000, iliyobaki ikawa nauli.

Juzi ilikuwa siku ya pili niko Kibaigwa. Shangazi alikuwa anaingiza hisa za Machi, mashine ya kukoboa ikawashwa, taa ikafifia kama kawaida. UPS ikalia "tak" mara moja. Monita haikutikisika. Akaniangalia juu ya miwani, akaendelea kuandika.

Nimebakiwa na swali moja. Jana asubuhi nimeamka nikakuta ameshaifunika kompyuta kwa kitambaa chake cha kufuma, kile cheupe cha redio, na imewashwa. Nimwambie aitoe? Kwa vumbi lile naona ana haki ya kuifunika.

Fundi_Makole

Ikiwa imewashwa aitoe, feni inapumulia mbele na nyuma na ikikosa hewa inachemka. Akishaizima, asubiri ipoe kidogo ndipo aifunike, hicho kitambaa kitaisaidia sana na zile pumba. Na wewe kila ukienda ifungue kifuniko, ni skrubu moja nyuma, uipulize kwa blowa. Zuia feni kwa kidole isizunguke wakati unapuliza.