Naombeni ushauri: nichague mchepuo wa Lugha, Tamaduni na Jamii au nikimbie mapema?

Sikio la Tatu (mwanzisha uzi)

Habari za humu wakuu. Niende moja kwa moja kwenye mada.

Niko mwaka wa kwanza wa shahada ya sanaa huria. Kwa wasiofahamu, huu ni mfumo ambao huingii chuo ukiwa umeshafungwa kwenye fani moja. Unaonja masomo mbalimbali kwanza, kisha unachagua mchepuo mkuu, na ukitaka unaweka mchepuo mdogo pembeni. Mwisho wa muhula huu natakiwa nijaze fomu. Moyo wangu uko kwenye Lugha, Tamaduni na Jamii: isimu (sayansi ya lugha), anthropolojia (utafiti wa watu na tamaduni zao), sosholojia (utafiti wa jamii), fasihi, historia, na lugha ya kigeni ambayo ni lazima uisome mfululizo.

Tatizo ni kwamba kila ninayemwambia ananiuliza, "Halafu utakuwa nani?" Wenzangu wa uhasibu na uuguzi wana jibu la neno moja. Mimi nikianza kujibu nazunguka mpaka najishtukia. Kaka yangu anayenilipia sehemu ya ada hajakataa, ila anataka nimweleze nitakachoweza kufanya nikimaliza ambacho leo sikiwezi. Nimebaki kujikuna kichwa.

Kwa hiyo nauliza: huu mchepuo una uzito au ni kuokota huku na huku? Nisome lugha gani, moja au mbili? Na hizi programu za kutafsiri zinazotoka kila kukicha, si zimeshaimaliza hii fani?

Waliopita njia hii nifungueni macho. Matusi pelekeni nyuzi za mpira.

Jembe Halichoki

Soma uhasibu. Lugha utajifunza kwenye simu ukiwa kwenye foleni.

Kinasa Sauti

Jembe, foleni yako ni ndefu kiasi gani?

Mdogo wangu Sikio, badala ya hotuba nakupa mfano mmoja. Mwaka 1962 mwanaisimu William Labov aliingia kwenye maduka makubwa matatu ya New York: moja la wenye nazo, moja la watu wa kati, moja la bei nafuu. Kila alipomkuta mhudumu alimwulizia bidhaa ambayo alishajua kabisa inauzwa ghorofa ya nne. Jibu la "ghorofa ya nne" kwa Kiingereza lina sauti ya r mara mbili, na hiyo ndiyo aliyokuwa anaiwinda. Mhudumu akishajibu, Labov anajifanya hajasikia, basi yule anarudia kwa uangalifu zaidi. Jamaa anasogea pembeni, anaandika kwenye daftari: huyu kaitamka r, huyu kaimeza.

Wahudumu wa duka la ghali waliitamka zaidi, wa duka la bei nafuu waliitamka mara chache kuliko wote. Walipotakiwa kurudia, wengi waliiongeza, hasa wale wa duka la kati. Sasa kumbuka hawa si matajiri, ni wafanyakazi wa dukani. Walikuwa wanaazima hadhi ya wateja wao bila kujua kama wanaiazima. Umeona hapo? Sauti moja tu, ukiivuta inakuja na tabaka, heshima, na namna mtu anavyotaka aonekane. Huwezi kuikata ukasema kipande hiki ni cha mtu wa lugha, hiki cha mtu wa jamii. Ndiyo maana mchepuo unaoviweka pamoja una mantiki, si mchanganyiko wa mabaki.

Lakini angalia kilichoifanya kazi ile isimame. Swali lilipangwa, watu walilinganishwa kwa utaratibu, na mtu mwingine angeweza kwenda kurudia zoezi lile lile. Ile ni mbinu, na mbinu ndiyo inayotofautisha usomi na porojo za kijiweni kuhusu "mila za watu".

Kwa hiyo kabla hujajaza fomu, omba orodha ya masomo ya mwaka wa mwisho. Kama yote yanaanza na "Utangulizi wa", ondoka. Kama kuna somo la mbinu za utafiti, kuna ngazi za lugha zinazopanda, na kuna tasnifu inayokulazimisha ukusanye data zako mwenyewe, hapo kuna kitu.

Mzee wa Hesabu

Mimi nakaa upande wa pili wa meza, ule wa kuajiri, kwenye kazi za tafiti za jamii. Sitakupaka mafuta.

Sivii za fani hizi zinafanana kama zimeandikwa na mtu mmoja. "Nina uelewa mpana wa tamaduni mbalimbali." "Nina uwezo mzuri wa mawasiliano." Haya. Namwuliza mtu: umewahi kuendesha mahojiano? Uliwapataje wahojiwa? Uliyanukuu vipi yale mazungumzo, yaani kuyaandika neno kwa neno kutoka kwenye sauti, na ukayachambua kwa njia gani? Mwingine anaanza kunitajia majina ya wanafalsafa.

Ushauri wangu ni mfupi: mchepuo mdogo weka takwimu. Usiniambie hesabu si zako. Durkheim, mwanasosholojia wa Ufaransa ambaye mtamsoma mpaka mumchoke, mwaka 1897 alijenga hoja yake kuhusu watu kujiua kwa kulinganisha takwimu za makundi na nchi. Mtu anayeweza kukaa na mhojiwa akamhoji kwa lugha yake, na kesho yake akalisoma jedwali bila kutetemeka, mimi simwachi atoke mlangoni. Ni wachache. Wengi wana upande mmoja tu, na wenye upande wa jedwali peke yake wanapatikana wengi kuliko mnavyodhani.

Dodoso, ile karatasi ya maswali ya utafiti, likitafsiriwa vibaya, takwimu zote zinazofuata ni takataka zenye desimali. Mwenye kuligundua hilo mapema ni mtu wa fani yako. Hapo ndipo ulipo mkate, si kwenye "uelewa mpana".

Mkalimani Mchovu

Nimekuja kwa ajili ya swali la lugha na lile la programu.

Lugha kwanza. Moja, mpaka uimudu. Kuna vipimo vya Baraza la Ulaya vilivyochapishwa mwaka 2001, ngazi sita kuanzia A1 hadi C2, siku hizi vyuo na waajiri wengi wanavitumia. Mtu mwenye A2 katika lugha tatu anaweza kuagiza chai katika lugha tatu. Mwenye C1 katika moja anaweza kusoma nyaraka zake, kubishana, kuandika ripoti. Soko linamtaka huyu wa pili.

Kuhusu muda, msidanganyane. Taasisi inayowafundisha lugha wanadiplomasia wa Marekani inakadiria kwamba mzungumzaji wa Kiingereza anahitaji takriban saa 800 hadi 900 za darasani kufikia kiwango cha kufanyia kazi katika Kiswahili, na takriban saa 2,200 kwa Kiarabu, Kichina, Kijapani au Kikorea. Hizo ni hesabu za mwenye Kiingereza. Wewe unayeanzia Kiswahili ramani yako ni tofauti: lugha nyingine ya Kibantu utaiingia kwa kasi kwa sababu ngeli na viambishi havikushtui, na Kiarabu utakutana na msamiati unaoujua, ingawa sarufi yake haitakuonea huruma hata kidogo. Sasa chukua saa za lugha ulizopangiwa kwa wiki, zidisha kwa wiki za masomo za shahada nzima. Utaona kwamba darasa peke yake halifiki. Muhula wa kukaa wanakozungumza hiyo lugha, kama chuo kinautoa, ni sehemu ya masomo. Usiuone kama matembezi.

Programu. Ndiyo, zimekula kazi. Maelezo ya bidhaa, barua za kawaida za ofisini, kurasa za matangazo, kazi hizo zilikuwa zinalisha watafsiri wengi na sasa mashine inazirusha, binadamu anapitia tu kwa malipo kiduchu. Anayekwambia hakuna kilichobadilika anauza kozi. Kilichobaki ni pale ambapo kosa lina mwenyewe: mahakamani, hospitalini, kwenye mikataba, kwenye mazungumzo ambayo mtu anasema hili akimaanisha lile. Ukalimani wa papo kwa papo kama tunavyoujua ulipata umaarufu kwenye kesi za viongozi wa Kinazi huko Nuremberg, Ujerumani, mwaka 1945, lugha nne kwa mpigo, watu wakiwa na vipokea sauti masikioni. Mpaka leo wakalimani wa mikutano hupokezana kila baada ya nusu saa hivi, kwa sababu akili inachoka. Lakini ukalimani ni ufundi wa kusomea baadaye, ngazi ya uzamili. Shahada yako itakupa malighafi tu.

Sikio la Tatu

Asanteni sana wakuu. Mzee wa Hesabu umenichoma lakini nimekupata.

Swali dogo: anthropolojia. Kuna mwenzangu kasema ni fani ya wakoloni na nitaaibika kuisoma. Wenye uzoefu mnasemaje?

Bibi Nyaraka

Mwanangu, mwenzako hajakosea historia, amekosea hitimisho.

Malinowski, mmoja wa waasisi wa anthropolojia ya kisasa, alikaa visiwa vya Trobriand huko Pasifiki kati ya 1915 na 1918, akajifunza lugha ya wenyeji, akaishi kijijini badala ya kukaa barazani kwa afisa akiletewa watu wa kuwahoji. Mbinu ile ya kukaa, kushiriki na kutazama ndiyo bado inafundishwa. Kisha mwaka 1967, yeye akiwa ameshafariki, shajara yake ya faragha ikachapishwa, na ndani yake kulikuwa na kuchoka, hasira na dharau kwa watu wale wale aliowaandikia vitabu. Fani nzima ilitikisika. Mijadala ya namna hiyo ndiyo imeisukuma fani imchunguze mtafiti mwenyewe: yeye ni nani, analipwa na nani, wanaochunguzwa wanapata nini. Leo katika vyuo vingi huanzi kuhoji mtu kabla mradi haujapitishwa na kamati ya maadili, na mhojiwa lazima aridhie akijua anachoridhia, na ana haki ya kujitoa katikati. Ukisoma anthropolojia yenye walimu wazuri utasoma na hiyo aibu yake. Ikifundishwa bila hiyo aibu, hapo mwenzako atakuwa na hoja.

Angalia pia mtaala unaanzia wapi. Ibn Khaldun, msomi wa Afrika Kaskazini, aliandika utangulizi wa historia yake mwaka 1377, akachambua kwa nini dola huinuka na kuanguka na nafasi ya mshikamano wa kikundi katika hilo. Kama somo la nadharia za jamii linaanza karne ya 19 Ulaya bila hata kumgusa, muulize mhadhiri kwa adabu. Jibu lake litakuonyesha mengi kuhusu idara.

La mwisho kutoka kwangu, maana wote mmeshika mahojiano na majedwali mkasahau makaratasi. Champollion, msomi wa Ufaransa, alipoyafungua maandishi ya Misri ya kale mwaka 1822, moja ya silaha zake ilikuwa Kikopti, lugha ya Wakristo wa Misri iliyotokana na Kimisri cha kale, lugha ambayo watu wengi wa wakati wake wangemwambia haina soko. Mimi kazi yangu ni nyaraka, na upungufu ninaouona ni wa watu wanaoweza kusoma hati za zamani kwa lugha yake na mwandiko wake. Mashine inasaidia, lakini lazima awepo wa kuikosoa.

Jembe Halichoki

Bibi umeniweza. Ila uhasibu bado upo.

Mzee wa Hesabu

Nakubaliana na Bibi kwa maadili, sikubaliani naye kwa Kikopti. Champollion ni mmoja. Usimpangie kijana maisha kwa mfano wa mtu mmoja aliyefanikiwa.

Sikio, kuhusu kaka yako: usimweleze, mwonyeshe. Chukua mada moja ndogo likizo hii, rekodi mazungumzo ya watu wachache kwa ridhaa yao, yanukuu, andika kurasa chache za uchambuzi. Kwa mfano, jinsi watu wa familia moja wanavyobadilisha lugha kulingana na nani ameingia chumbani. Akisoma hizo kurasa atajua unasoma nini. Na wewe utajua kama unaipenda hii kazi au unapenda wazo lake tu. Unukuzi unachosha, dakika chache za sauti zinameza saa za kazi. Wengi hapo ndipo wanapogundua walitaka kitu kingine.

Sikio la Tatu

Hilo nalifanya, na nyumbani kwetu data ipo ya kutosha, tuna mabibi wawili na kila mmoja ana lugha yake. Ridhaa ya bibi mzaa baba ndiyo itakuwa kazi.

Mkalimani, chuoni kwangu zinatolewa Kifaransa, Kiarabu na Kichina. Ungekuwa mimi?

Mkalimani Mchovu

Kabla ya kuuliza ipi ina soko, uliza ipi chuo chako kinaifundisha hadi ngazi za juu. Vyuo vingi vina darasa la wanaoanza limejaa pomoni, mwaka wa tatu wamebaki wanafunzi wanne na mwalimu wa mkataba. Nenda kakae nyuma ya darasa la juu kabisa la kila lugha, hata mara moja tu. Sikiliza wanafunzi wanazungumza nini na mwalimu anazungumza lugha gani nao. Kama mwaka wa tatu bado anawaeleza kwa Kiingereza, lugha hiyo ifute kwenye orodha yako.

Zikilingana, Kiarabu, kwa sababu ya ile akiba ya msamiati niliyoitaja, na kwa sababu Bibi Nyaraka atakutafutia hati za kusoma.

Bibi Nyaraka

Nitamtafutia. Aje na miwani.

Kinasa Sauti

Na somo la mbinu za utafiti lichukue mapema, usilisogeze mwaka wa mwisho kama wengi wanavyofanya. Ukilisoma mwanzo, kila somo jingine utaliingia ukiuliza "wamejuaje?" Kwenye rekodi za bibi zako andika pia nani alikuwepo chumbani na alikaa wapi. Hayo hayasikiki kwenye kinasa.