Wana Chumbageni (familia tu)

*Jumanne*

Dada Mwajuma: Shikamooni wote. Nimeleta suala la Baba na Medicare, ile bima ya afya ya wazee ya serikali ya Marekani. Anatimiza miaka 65 mwezi wa 9. Dirisha lake la kujiandikisha ni miezi 7: limefunguliwa mwezi huu wa 6, linafungwa mwisho wa mwezi wa 12. Naomba tusilifanyie mzaha.

Hamisi: Marahaba 😂

Dada Mwajuma: Hamisi, shikamoo haikuwa yako.

Hamisi: Umesema wote

Dada Mwajuma: Tiki za bluu naziona, mnasoma na kupita. Sehemu A, ya kulazwa, Baba hailipii kwa sababu amekatwa kwenye mshahara zaidi ya miaka 10. Sehemu B, ya madaktari na vipimo, kwa mwaka huu wa 2026 ni dola 202.90 kwa mwezi. Akichelewa bila sababu inayokubalika anaongezewa asilimia 10 kwa kila mwaka mzima, na nyongeza hiyo haimwachi mpaka kaburini.

Shangazi Rehema: Mwajuma, usitaje kaburi na kaka yangu kwenye mstari mmoja.

Dada Mwajuma: Nisamehe shangazi. Maisha yake yote, basi.

Baba: Mimi nastaafu 67. Barua ya Social Security, wale wa pensheni, ndivyo inavyosema. Haraka ya nini?

Dada Mwajuma: Baba, 67 ni ya pensheni kamili. Medicare imebaki palepale 65.

Baba: Bima ya kazini ninayo.

Dada Mwajuma: Hapo ndipo penye kazi. Yadi kwenu mko wafanyakazi wangapi? Mkifika 20, unaweza kuiacha Sehemu B hadi utakapoacha kazi, halafu unapewa miezi 8 ya kujiandikisha bila faini. Mkiwa chini ya 20, Medicare ndiyo inayotangulia kulipa. Usipokuwa nayo, bima ya kazini inaweza kukataa lile fungu ambalo Medicare ingelipa. Bili inakuja kwako.

Hamisi: Paka wa yadi naye ahesabiwe?

Salma: 😂😂 yule ana miaka mingi kazini kuliko wewe

Hamisi: Na hajawahi kuchelewa zamu

Salma: Apewe kiinua mgongo 😂

Dada Mwajuma: Baba, mko wangapi?

*Jumatano*

Dada Mwajuma: Baba?

Kaka Idi: Kwani si anasema mwakani anarudi Tanga? Hizo dola 200 za kila mwezi za nini? Medicare hailipi hospitali ya Bombo.

Dada Mwajuma: Kweli, nje ya Marekani kwa kawaida hailipi. Lakini wajukuu wako Ohio, atakuja tu. Akikaa Tanga miaka 4 bila Sehemu B kisha akarudi, analipa asilimia 40 zaidi, tena anangoja Januari mpaka Machi ndipo ajiandikishe. Augue Aprili, tufanyeje?

Kaka Idi: Tutachangishana. Kama ule mwaka wa Babu.

Dada Mwajuma: Idi usianze.

Kaka Idi: Nimeanza nini? "Natuma Ijumaa, natuma Ijumaa." Risiti ninazo mpaka leo.

Shangazi Rehema: Mimi nilituma. Uliza vizuri.

Kaka Idi: Shangazi, sikukutaja. Aliyenielewa kanielewa.

Salma: Mmh

Zaina (Tanga): Bibi amesomewa yote. Kasema niandike kama alivyotamka: "Idi, aliyefiwa na mume ni mimi, na mimi nimeshasamehe. Lisirudi tena humu. Na mwanangu aseme wako wangapi kazini. Ameulizwa tangu jana."

*Alhamisi*

Baba: Shikamoo Mama. Tuko 17.

Dada Mwajuma: Ahsante Baba. Basi hakuna kungoja. Ukijiandikisha kabla ya mwezi wa 9, bima inaanza tarehe 1 Septemba. Na ile akaunti ya HSA, ya akiba ya matibabu isiyokatwa kodi, mwambie mhasibu asiweke hela tena kuanzia siku hiyo, kodi watakusumbua.

Mama: Na mimi niliyekaa nyumbani kulea wajukuu?

Dada Mwajuma: Mama, ukitimiza 65 Sehemu A unaipata bure kwa jasho la Baba. Sehemu B utalipia yako.

Mama: Jasho la Baba nimelipikia miaka yote. Sawa.

Baba: Nimeongea na mhasibu. Anasema bima yetu ni ya pamoja na yadi nyingine mbili.

Dada Mwajuma: Zina watu wangapi??

Baba: Sikuuliza.

Dada Mwajuma: Baba! Hata moja tu ikifika 20, hesabu inaweza kugeuka. Muulize, na akupe kwa maandishi. Neno la mdomo halitakutetea baadaye.

Baba: Ameondoka, likizo hadi Jumatatu.

Dada Mwajuma: Basi Jumamosi saa nne tukutane kwa video, tumfungulie akaunti ya Social Security, maana ndio wanaoandikisha Medicare, fomu iwe tayari. Nani yupo?

Hamisi: Jumamosi kuna mechi

Baba: Nina zamu. Labda jioni.

Salma: Nitajaribu

Mama: Saa nne ya huku au ya Tanga? Bibi anataka kuwepo.